Kiatu cha Meneja

Wakili wa kiwanda alikuwa bado anasoma, na sauti yake ilitiririka chumbani kama maji yanayojaza ndoo taratibu. Pazia lilivuta pumzi, likaishusha. Mlinzi aliyefukuzwa kazi kwa kulala getini alilitazama mpaka likawa geti lenyewe, likifunguka na kujifunga bila gari kupita.

Alipogeuza shingo, akamwona meneja aliyemfukuza. Walikaa benchi moja mbele ya baraza la migogoro ya kazi. Kidevu cha meneja kilikuwa kimetua kifuani, na tai yake ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka.

Asubuhi ileile meneja alikuwa amewaka mbele ya mwenyekiti. "Mheshimiwa, eti alifumba macho tu! Mtu akifumba macho kazini amelala. Hakuna cha kujadili."

Sasa mlinzi hakuhitaji neno wala shahidi. Akae kimya tu, mwenyekiti ainue uso kutoka kwenye makaratasi, ajionee mwenyewe.

Lakini walinzi wana desturi yao. Mwenzako akisinzia, unamgusa kiatu kabla mkubwa hajatokea. Mguu wake ukanyooka wenyewe, kama mguu wa mtu aliye ndotoni, ukagusa kiatu cheusi kinachong'aa.

"Amka, bosi," alinong'ona. "Mkubwa anakuja."

Meneja akakurupuka, akasimama wima, akamkata wakili wake kauli.

"Sikulala, Mheshimiwa! Nilifumba macho tu!"