Beseni Chini ya Dirisha

Noëlla alipofika mbio kutoka chuoni, alikuta uwanja wa kwao umefagiwa wote, kama kila asubuhi. Mwizi alikuwa amebeba televisheni usiku wa mvua, na sasa nyayo zake zilikuwa zimekwenda na takataka.

Mlangoni, polisi alikuwa amemkamata mkono Papa Bisimwa, mlinzi wao, akimshuku kuwa ndiye mwizi. Mzee alisimama peku. Miguu yake mipana haikuwahi kupata kiatu cha kuitosha.

"Maman, umefagia?"

"Polisi anakuya kwangu, niache uchafu?"

Miaka mitatu mama alikuwa akiiita kriminolojia ya binti yake masomo ya wezi. Sasa akaelekeza ufagio chini ya dirisha. Beseni la kufulia lilikuwa limegeuzwa kifudifudi juu ya matope, na jiwe juu yake.

"Pale sikufagia. Ni wewe unasemaka kila siku ku meza, alama ya mwizi haiguswe."

Noëlla akapiga magoti, akaliinua beseni. Alama ilikuwa moja tu, ya kiatu chembamba, kisigino kimelika upande.

"Papa Bisimwa, karibia," akasema. "Kanyaga hapa kando."

Polisi akamwachia mzee mkono.