Fuko Aliyetolewa Chamani

Wanyama wajenzi walikuwa na chama chao, na sheria yao kuu ilikuwa hii: nyumba isikabidhiwe kwa mteja mpaka Fuko aingie chini akague msingi. Fuko hakujua kumwonea mtu haya. Msingi ukiwa mbovu, alisema ubomolewe.

"Unatuchelewesha," alisema Mchwa, mwenyekiti wao. "Mteja haoni msingi, anaona ukuta."

Wakapiga kura, wakamtoa. Tangu siku hiyo wajenzi wakikutana naye njiani waligeuza nyuso. Masika yalipofika, nyumba za wateja zikaanza kutitia, na chama kikalaumu mvua.

Asubuhi moja Mchwa alimjia Fuko kwa njia ya nyuma. "Mzee, namjengea mama yangu. Hebu niangalizie msingi."

Fuko alifurahi kupata mgeni. Alibandika uji, akaenda, akazama chini, akatoka na udongo puani. "Uko imara. Sasa twende tukanywe uji."

"Nina haraka. Na usimwambie mtu kwamba nilikuja."

"Sitasema. Hata wenzako wote, wanapowajengea watoto wao, huniomba hivyo hivyo."

Mchwa akaondoka kwa njia ile ile ya nyuma. Fuko akarudi kwake, akanywa bakuli lake, kisha akanywa na la mgeni.