Pale Sindano Inaponasa

Verediana alifunga zipu ya begi, akalisimamisha nyuma ya mlango, kisha akaenda kumwekea mumewe santuri kwa mara ya mwisho.

Ilikuwa saa kumi alasiri, nyumbani kwao Katubuka. Mzee Dismasi alikwishakaa kwenye kiti chake, kaelekea dirishani, kisogo kwa mkewe, macho kafumba. Sindano ikashuka. Kikaanza kile kinanda cha kama kanisani, polepole, yakafuata magitaa, halafu ngoma zinazobadili mwendo kila ukidhani umezizoea. Upande mzima wa santuri ni wimbo mmoja, dakika ishirini na mbili. Mzungu mmoja, fundi mkuu wa meli, ndiye aliyemwachia alipokuwa anarudi kwao, enzi hizo Dismasi akifanya kazi chumba cha injini. Jalada lililiwa na mchwa zamani. Mapenzi hayakuliwa.

Ila katikati pana mkwaruzo. Sindano ikifika hapo hunasa, ikarudia neno lilelile mpaka mtu aisukume. Magoti ya Dismasi hayataki tena kuinukainuka, kwa hiyo kazi hiyo ni ya Verediana. Kabla tu haijanasa, mzee huinua kidole, naye mkewe huinuka. Miaka yote hiyo kidole hakijawahi kukosea.

Verediana alikuwa amechoka. Si kwa sababu ya santuri. Hata yeye hujikuta anauimba ule wimbo akiosha vyombo. Kilichomchosha ni kufanywa hewa. Akisimama mbele ya mzee hujibiwa vizuri, tena kwa sauti ya juu mno, utadhani injini bado inanguruma. Akimwita kutoka jikoni, kimya. Akimsemesha kwa nyuma, kimya. Wiki iliyopita aliteleza uani na ndoo ya maji, akapiga kelele mpaka jirani akaruka ukuta kuja kumwinua. Mume wake alikuwa sebuleni anakunywa kahawa. Hilo lilimuuma kuliko kiuno.

"Baba Rozalia," alisema sasa, amesimama nyuma ya kiti. "Nakwenda Simbo kwa mwanao. Sirudi."

Dismasi alitikisa kichwa kufuata ngoma.

"Umesikia nilichosema?"

Vidole vya mzee viliendelea kugonga goti.

"Haya. Kaa na santuri yako." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta. Akachukua begi.

Alikuwa ameshika komeo umeme ulipokatika. Spika zikafa katikati ya gitaa. Mashine ya kusaga ya jirani nayo ikanyamaza, mtaa wote ukatulia. Santuri ikazunguka kivivu mara mbili tatu, ikasimama. Verediana akageuka, akingoja mumewe aanze kuulalamikia umeme kama watu wengine.

Dismasi hakufumbua macho. Vidole vilikuwa bado vinagonga goti. Vikabadili mwendo, vikabadili tena. Midomo ikafuata maneno ya Kiingereza ambayo hajui maana yake mpaka leo. Pale kinanda kinapopanda, akavuta pumzi ndefu, kama siku zote.

Zilipita dakika nzima, kisha nyingine. Begi lilimlemea Verediana mkononi na hakukumbuka kulitua.

"Baba Rozalia," akaita.

Akaita tena, kwa nguvu zake zote, mpaka jirani akaitika kutoka upande wa pili wa ukuta.

Mzee akainua kidole.

Verediana akaweka begi chini, akavuka sebule, akaisukuma sindano juu ya santuri iliyosimama.