Salamu za Hondohondo

Enzi wanyama walipokuwa na mtaa wao chini ya bwawa, mpiga mbiu wao alikuwa Hondohondo, ndege aliyeogopa kumsahau mkubwa yeyote kuliko alivyoogopa njaa.

Asubuhi moja alikabidhiwa tangazo: saa sita bwawa litafunguliwa, wakazi wa bondeni wahame. Akapaza sauti kutoka mtini, nao wakakusanyika.

"Kwa heshima na taadhima, namsalimu Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kiboko. Namsalimu Mzee Mamba, mlezi wa mtaa. Namsalimu Bibi Kenge..."

Panya Buku, aliyeacha watoto shimoni huko bondeni, alinyoosha mkono. "Ndugu mtangazaji, habari yenyewe ni ipi?"

"Usinikatishe! Wakubwa bado hawajaisha."

Aliendelea kusalimu mpaka jua likawa utosini. Alipofikia neno "bwawa," maji yalikwishafika. Kiboko, Mamba na Kenge wakaogelea zao. Buku alikimbilia nyumbani, akakuta shimo limejaa.

Kesho yake lilitakiwa tangazo la msiba. Hondohondo alifungua mdomo aanze na majina, kama desturi, akaganda. Hakujua jina hata moja la mkazi wa bondeni. Kwa mara ya kwanza akashuka mtini, akasimama mbele ya Buku.

"Ndugu yangu, nitajie majina. Nianze na nani?"



"Anza na mdogo wao," Buku akasema. "Tulikuwa bado hatujampa jina."