Enhe?

Sheria ilikuwa wazi: mtunzi wa hadithi za watoto hafi kabla hadithi yake haijaisha, na hadithi haiishi maadamu yupo hata msikilizaji mmoja anayeuliza kilichofuata. Ndiyo maana Mzee Faki, mtunzi wa Kenge Mwenye Mabawa, alikuwa na miaka mia na ishirini na saba, mwepesi kama kumvi, mashine iliyo kando ya kitanda ikimsukuma moyo na kumsikiliza. Bintiye Mize, naye mwenyewe ajuza, ndiye aliyemgeuza na kumnywesha uji.

Asubuhi hiyo alisimulia sura ya elfu tatu. Kenge alikunja mabawa, akaingia pangoni, akalala. Watoto wa nchi nzima walisikiliza kupitia mashine hiyo, wasiulize kitu. Walishamchoka kenge. Taa ya kijani ya mashine ikaanza kufifia.

"Alhamdulillahi," mzee akanong'ona. "Nimechoka, Mize."

"Najua, baba. Pumzika."

Alikuwa ameapa hatalia, na hakulia. Akamshika mkono tu.

"Mama yako," mzee akasema, akitabasamu, "siku niliyoingia kwao bila ruhusa, babu yako akabisha hodi, basi akanisukumia uvunguni..."

Akanyamaza kuvuta pumzi. Mize hakuwahi kuisikia hiyo. Akainama, na kama afanyavyo yeyote anayehadithiwa, akasema:

"Enhe?"

Taa ikawaka tena. Mzee akafumbua macho, akamkodolea bintiye, machozi yakimchuruzika hadi masikioni.

"Sura ya elfu tatu na moja," ikasema mashine. "Tunasikiliza."