Mita Tatu Kutoka Ukutani

Mpira wa kumi na moja uligonga sakafu, na fundi cherehani aliyesimama mlangoni akafumba macho, kama alivyofumba kwa ile kumi iliyotangulia.

Mara ya kwanza alikuja shuleni kuleta makoti ya maabara aliyowashonea wanafunzi. Kazi hiyo ilikwisha wiki tatu zilizopita. Hata hivyo kila Alhamisi alirudi, akasimama palepale, mkononi ana mfuko wenye shati la kiume lililopigwa pasi na kipande cha sabuni, akatazama vitu vikianguka.

Mwalimu wa fizikia hakumfukuza. Alikuwa mtu mkavu, asiyeamini jambo mpaka alipime mara tatu, na wanafunzi walimwita Mzee Desimali kwa sababu hakuwahi kumsamehe mtu hata sehemu moja ya kumi.

"Mama, kwani na wewe una mtihani?" msichana wa dawati la mbele alimtania.

"Ninao, mwanangu. Una swali moja tu."

"Bahati yako! Wetu una arobaini, na msahihishaji ndiye huyu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliuachia mpira mmoja kutoka ukingoni mwa meza. Ukatua karibu kabisa na mguu wa meza. Akausukuma wa pili kwa kidole, ukatua mbali.

"Yote miwili imetumia muda uleule kufika chini," alisema. "Kilichotofautiana ni umbali. Hata kama hamkukiona kidole, sakafu imetunza ushahidi wake."

Fundi aliyaandika maneno hayo katika daftari lake la vipimo, chini ya kiuno cha mteja na upana wa mabega yake.

Siku hiyo kengele ilipolia hakuondoka. Alisubiri wanafunzi watoke, kisha akalifungua daftari juu ya meza.

"Kuna kijana alianguka mwezi uliopita kutoka jengo lile la ghorofa lisilokwisha, nyuma ya soko," alisema. "Walikuwa wawili kule juu, marafiki tangu darasa la kwanza. Aliyebaki yuko mahabusu. Wapo wanaosema alimsukuma mwenzake, wapo wanaosema marehemu aliteleza. Mimi nataka kujua, mwalimu. Pole nimeshapewa za kutosha."

Mwalimu hakuuliza kijana alikuwa wa nani. Macho mekundu namna ile hayaulizwi.

Kimo cha jengo fundi alikuwa amekipima mwenyewe: alipanda hadi juu, akateremsha uzi uliofungwa mkasi mdogo, kisha akaupima ule uzi kwa utepe wake wa kazini. Mita kumi na moja na sentimita ishirini. Katika miaka ishirini na sita hakuna mwanafunzi aliyewahi kumletea mwalimu kipimo safi kama kile.

"Na alitua wapi?"

"Hapo ndipo penye kazi. Mlinzi ananionyesha mita moja na nusu kutoka ukutani. Mfagizi ananionyesha mita tatu. Pameshaoshwa, mwalimu. Hapana alama."

Mwalimu alichukua karatasi, akapiga hesabu kwa penseli. Muda wa kuanguka: sekunde moja na nusu. Kwa kipimo cha mlinzi, kasi ya mita moja kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu aliyepiga hatua bila kuona mwisho wa sakafu. Kwa kipimo cha mfagizi, mita mbili kwa sekunde. Huo ni mwendo ambao mtu hupewa na mwenzake. Mashahidi wawili, vifo viwili. Jibu sahihi lilikuwa kwamba hakuna jibu, na wanafunzi waliozoea kuchagua kipimo walichokipenda alikuwa akiwapa sifuri bila kusikiliza maelezo.

Akainua macho. Mikono ya fundi ilikuwa imelala mezani, vidole vimejaa matundu ya sindano. Fundi wa miaka mingi hajidungi. Matundu yale yalikuwa ya mwezi huu.

Mwalimu aliliwazia neno "haijulikani" likibebwa na mama huyu hadi nyumbani. Angelilaza chumba gani? Akaliwazia na "aliteleza", neno ambalo humfanya mzazi ajiulize maisha yake yote ni viatu gani alivyomnunulia mtoto. Kusukumwa walau kuna wa kulaumiwa. Nao ni mzigo, lakini ni mzigo wenye mpini.

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Mzee Desimali alipiga mstari juu ya kipimo asichokitaka.

"Alisukumwa," alisema.

"Una hakika?"

"Hesabu haina upendeleo."

"Hakuna namna kwamba aliteleza? Hata ndogo, mwalimu? Hata kama ni zile zenu za nyuma ya nukta?"

"Hakuna, mama." Akailainisha sauti yake, kazi ambayo hakuwa na mazoezi nayo. "Tuliza moyo. Mwanao hakukosea hata hatua moja."

Fundi aliitazama ile karatasi, akaomba aichukue, akaikunja mara nne kwa ukucha, pembe kwa pembe, kama anayekunja pindo. Alipofika mlangoni alisimama, bila kugeuka.

"Aliyeanguka ni mtoto wa jirani yangu," alisema. "Mwanangu ananiapia, kila nikienda kumwona, kwamba mwenzake aliteleza. Leo ndiyo nilikuwa nakwenda kumwambia kwamba namwamini."