Namba ya Kufungia

Muuzaji wa duka la bangi pale Pueblo, mji ambako bangi huuzwa kihalali, alipanga kalamu tatu za mvuke, vifaa vya kuvutia bangi bila moshi, juu ya kaunta, akamwambia Ofelia achague.

"Hii kali, bibi. Ukivuta kidogo tu, unaongea na marehemu."

"Marehemu wangu nilimchoka akiwa hai. Mimi nataka usingizi. Viungo vinanitafuna."

Binti yake, aliyemleta kwa gari, alicheka akiwa bado mlangoni.

Muuzaji akasogeza ile ndogo ya kijivu. Hiyo hutoa mvuke kwa kipimo, kisha hujizima. Hufungwa kwa namba ya siri kwenye simu, na ni vizuri namba akae nayo mtu mwingine, ili maumivu yakimzidi mvutaji, asijiongezee kipimo.

"Basi nipe hiyo. Namba atakaa nayo nani?"

Nyumbani walikuwa wawili tu. Tangu binti arudi kutoka kwenye matibabu ya kuacha uraibu wa vidonge, Ofelia alilala na ufunguo wa kabati la dawa shingoni, na uzi wake ulishamchora mstari mwekundu kwenye ngozi. Hata dawa ya kikohozi alimpimia mwenyewe kwa kijiko.

"Tumpe jirani, mama," binti alisema, macho chini.

Ofelia alitoa simu mkobani kwa vidole vyake vilivyopinda, akamnyooshea.

"Weka wewe. Usiniambie."

Akageuka, akaukabili ukuta. Nyuma yake akasikia kucha ikianza kugonga kioo cha simu, polepole.